Taa Janja Zinapogoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye keshanunua taa janja, zile zinazoongozwa kwa simu. Balbu imo kwenye holda, swichi ya kugusa iko ukutani, programu iko kwenye simu, na bado mambo hayaendi. Majibu yameandikwa kwa nyumba za kwetu: umeme wa volti 230 hadi 240 unaokuja na kuondoka, waya zilizopita kwenye paipu ndani ya tofali, intaneti ya bando. Ile karatasi iliyomo kwenye boksi inadhani unaishi kwingine.

Jambo moja kabla ya yote. Ukitaka kufungua swichi, zima breka ya taa kwenye meni swichi, kisha hakikisha kwa tester kwamba waya hauna umeme. Kuzima swichi yenyewe hakutoshi. Na kama kazi ya umeme huijui, muite fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA, Kenya hutolewa na EPRA.

Taa imegoma. Nianze kutafuta wapi?

Weka simu chini. Nenda kabonyeze swichi kwa kidole, na utege sikio.

Ikiwaka na kuzima vizuri kwa mkono, basi waya, swichi na balbu ni wazima. Tatizo liko kwenye mtandao au kwenye programu, na huna sababu ya kushika bisibisi. Ukisikia "tak" ya relei (kiungo kidogo kinachokata na kuunga umeme) ndani ya swichi lakini taa haiwaki, balbu imeungua au waya wa kwenda juu umelegea. Ukisikia "tak" na taa haizimi, relei imeganda (tazama swali la maji moto huko chini). Ukiona hata kile kitaa kidogo cha swichi hakiwaki na hakuna mlio wowote, swichi haipati umeme: angalia breka, halafu nyutro (waya unaorudisha umeme).

Watu wengi huanza kwa kufuta programu na kuiweka upya. Wanapoteza ratiba zote walizopanga, na taa inabaki vilevile.

Fundi amefungua swichi akasema hakuna nyutro. Ana maana gani, na nifanyeje?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa hiyo tulikalie.

Swichi ya kawaida haitumii umeme. Kazi yake ni kukata na kuunga waya wa laivu, ule unaoleta umeme. Ndiyo maana mafundi wetu, waliorithi namna ya Kiingereza ya kutandaza waya, hushusha laivu hadi kwenye swichi na kuirudisha juu kwenye taa, huku nyutro ikibaki darini. Swichi janja ina redio ndani yake, na redio inataka kula muda wote, hata taa ikiwa imezimwa. Inahitaji laivu na nyutro.

Fungua boksi la swichi la nyumba iliyojengwa miaka 20 iliyopita na utakachokikuta ni hiki: vumbi la saruji, buibui mmoja, na waya mbili nyekundu. Moja inaleta, nyingine inapeleka. Hakuna nyeusi. Kwenye nyumba mpya utakuta kahawia mbili, au kahawia na bluu, na hapo ndipo pa kuwa makini. Bluu hiyo si lazima iwe nyutro. Kama fundi alitumia kebo yenye waya mbili ndani, bluu ndiyo inayopeleka umeme kwenye taa, na ukiiunga kwenye tundu la N swichi haitafanya kazi inavyotakiwa. Rangi ya waya ni ahadi tu. Tester na mita ndivyo vinavyosema kweli. Kumbuka pia kwamba rangi za zamani na za sasa zinapingana: nyeusi ilikuwa nyutro, lakini kwenye rangi mpya za fezi tatu nyeusi ni laivu.

Njia ziko tatu. Ya kwanza, vuta nyutro. Kwa sababu waya zetu nyingi zimepita kwenye paipu, si kazi ya kubomoa ukuta; fundi huingiza waya mgumu wa kuvutia, akafunga waya mpya wa mm² 1.5, akavuta. Sharti ni moja: nyutro hiyo itoke kwenye mstari uleule wa taa. Ukiiba nyutro ya soketi iliyo karibu, na kama meni swichi yako ina kifaa cha kulinda uvujaji wa umeme, kifaa hicho kinaweza kuizimia umeme nyumba nzima.

Ya pili, nunua swichi iliyotengenezwa kufanya kazi bila nyutro. Zipo, nyingi ni za Zigbee (aina ya redio ya vifaa janja) kwa sababu redio yake hula umeme kidogo kuliko Wi-Fi. Zina kasoro yake, na swali linalofuata linaihusu.

Ya tatu, acha swichi yako ya zamani ukutani, na kile kifaa kidogo cha relei kiwekwe darini kwenye taa, kama hapo juu kuna laivu ya kudumu na nyutro. Si kila nyumba inayo laivu hiyo darini. Mpandishe fundi aangalie kabla hujaagiza.

Ikiwezekana, mimi huchagua ya kwanza. Ni kazi ya mara moja.

Nimezima taa lakini bado inawaka kwa mbali, au inapepesa usiku kucha. Kwa nini?

Kama umefunga swichi isiyohitaji nyutro, sababu ni hiyo. Swichi inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana ndani ya balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 isingejua. Balbu ya LED ya wati 5 inakusanya huo umeme mdogo hadi unatosha kumweka, inamweka, inaanza tena. Dawa yake ni kapasita ndogo inayokuja ndani ya boksi la swichi, ambayo mafundi wengi huitupa wakidhani ni akiba. Hufungwa kwenye taa, si kwenye swichi: mguu mmoja kwenye waya wa laivu unaotoka kwenye swichi, mwingine kwenye nyutro. Kama imepotea, tafuta ya aina ileile. Usichomoe kapasita ya feni.

Swichi za kawaida zenye kitaa kidogo cha kuonea gizani huleta balaa hilohilo.

Sababu ya tatu ni ya hatari na inafichika: aliyefunga alikata nyutro badala ya laivu. Taa inazima, naam, lakini holda inabaki na umeme wakati wote, na mtu anayebadilisha balbu akiamini amezima atapigwa shoti. Kama taa zote za nyumba zina mwanga hafifu usiku na huna swichi janja hata moja, mwambie fundi akague hilo kwanza.

Balbu janja inaonekana haipo mtandaoni, asubuhi ilikuwepo.

Kuna mtu ameizima ukutani. Shangazi amepita, dada wa kazi amepita, wewe mwenyewe umepita. Balbu janja isiyopata umeme ni balbu tu.

Hapa nina msimamo. Kwenye nyumba ya watu wengi, weka ujanja kwenye swichi, na balbu iwe ya kawaida. Mgeni anabonyeza, taa inawaka, hakuna darasa. Balbu janja zinafaa chumba cha mtu mmoja, taa ya mezani, au pale unapotaka rangi kwa kweli. Na usiweke vyote viwili, swichi janja inayokata umeme na balbu janja juu yake. Vitagombana.

Kifaa kipya kinakataa kuungana na Wi-Fi. Nimeingiza neno la siri sahihi mara nyingi.

Vifaa vingi vya bei nafuu vinajua mawimbi ya 2.4 GHz peke yake. Simu yako mpya inapenda 5 GHz. Ruta za siku hizi hutoa yote mawili kwa jina moja, simu inakaa kwenye moja, balbu inatafuta jingine, na hawakutani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta utenganishe majina, au washa mtandao wa wageni kwenye 2.4 GHz tu. Ukishindwa kuingia kwenye ruta, chukua balbu na taa ya mezani utoke nayo hadi mwisho wa uwanja. Mawimbi ya 5 GHz hayafiki mbali, simu itahamia 2.4 yenyewe.

Bado inakataa? Kagua haya: ulinzi wa ruta uwe WPA2, kwa sababu vifaa vingi havijui WPA3, jina la mtandao lisiwe limefichwa, VPN ya simu izimwe, programu ya simu ipewe ruhusa ya kujua mahali ulipo, maana bila hiyo Android haiioneshi mitandao ya karibu. Data ya simu nayo izime kwa muda. Kifaa kinapokuwa kwenye hali ya kuunganishwa huweza kutoa Wi-Fi yake isiyo na intaneti, na simu ikiona hakuna intaneti hukimbilia data katikati ya zoezi.

Angalia pia inavyopepesa. Kwenye vifaa vingi vya mfumo wa Tuya, kupepesa haraka ni njia moja ya kuunganisha, na kupepesa polepole ni njia nyingine. Programu inakuuliza unaona ipi. Ukijibu vibaya utangoja mpaka muda uishe. Ili kuifikisha huko, balbu nyingi huzimwa na kuwashwa mara 3, swichi hubonyezwa kwa sekunde 5 hadi 7.

Wanaotumia hotspot ya simu: kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna kitufe cha kuifanya hotspot ipatane na vifaa zaidi. Kiwashe, kinaishusha iwe 2.4 GHz. Lakini kumbuka ukienda kazini na simu, mtandao wa taa umeondoka nao.

Nimebadilisha ruta. Je, nianze upya kuunganisha taa zote?

Hapana. Ipe ruta mpya jina la mtandao na neno la siri vilevile vya zamani, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Taa zitarudi zenyewe.

Kama vifaa viwili vitatu vinabaki nje, hesabu. Ruta za mfukoni hukubali vifaa vichache, nyingine huishia 10. Simu nne, televisheni, kompyuta, na taa sita: wawili lazima wabaki mlangoni.

Umeme ukirudi usiku wa manane taa zote zinawaka. Watoto wanaamka.

Ndani ya programu, kwenye mipangilio ya kila kifaa, kuna sehemu inayoamua kifaa kifanye nini umeme ukirudi: kiwake, kizime, au kirudie hali iliyokuwepo. Vifaa vingi hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa kuwaka. Vyumba vya kulala weka kuzima. Taa ya nje weka irudie hali yake. Kama sehemu hiyo huioni, tafuta sasisho la kifaa. Likikosekana, kifaa hicho hakina uwezo huo, hamishia stoo.

Kuna mkasa mwingine wa umeme wetu ambao watengenezaji hawakuufikiria. Umekatika, umerudi, umekatika, umerudi, umetulia. Kwa balbu, hiyo ndiyo ishara ya kufuta kumbukumbu: kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa. Asubuhi unakuta balbu inapepesa kama mpya, imesahau kila kitu. Haijaharibika, iunganishe tena. Na kama inajirudia mtaani kwenu, ndiyo sababu nyingine ya kupendelea swichi, kwa sababu yenyewe hufutwa kwa kidole na si kwa kukatika kwa umeme.

Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua vifaa. Kilinda-friji kinalinda friji. Taa za dari hazipiti hapo. Kwa swichi janja za nyumba nzima, fundi afunge kizuia mishtuko ya umeme kwenye meni swichi, na ethi iwe ethi ya kweli, si nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu.

Bando likiisha taa hazifuati simu. Hili linaepukika?

Linaepukika, ila uamuzi ulikuwa wa kufanywa dukani. Kifaa cha bei rahisi kikiagizwa kutoka kwenye simu, agizo mara nyingi husafiri hadi kwenye seva (kompyuta ya kampuni) ya ng'ambo, kisha hurudi sebuleni kwako. Ratiba rahisi nyingi hukaa ndani ya kifaa chenyewe na huendelea bila intaneti. Zile amri za "mlango ukifunguliwa, washa taa ya korido" kwa vifaa vya Wi-Fi mara nyingi huamuliwa kwenye seva, na bando likiisha nazo zimekwisha.

Kuna vifaa vinavyojibu ndani ya nyumba. Hue Bridge, kisanduku cha Philips cha kuunganishia taa zake, hufanya kazi kwenye Wi-Fi ya nyumbani hata intaneti ikiwa haipo. Vifaa vingi vya Sonoff huweza kuongozwa na programu ya eWeLink mkiwa kwenye mtandao mmoja. Home Assistant, programu ambayo huwekwa kwenye kompyuta ndogo nyumbani, imejengwa kwa wazo hilo. Na Matter, kiwango kilichotoka toleo la kwanza Oktoba 2022, kinavifanya vifaa viongee vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba. Ukiona alama yake kwenye boksi ni dalili njema.

Anayedhani hii ni hofu ya watu wasio na bando awaulize wateja wa Insteon, kampuni ya vifaa janja huko Marekani. Aprili 2022 seva za kampuni hiyo zilizimwa bila taarifa, na watu wenye intaneti ya kasi kabisa wakabaki na programu isiyofungua kitu. Waliokuwa na mfumo wa ndani hawakuguswa, na miezi michache baadaye baadhi ya wateja wenyewe waliinunua kampuni.

Ratiba inawasha taa mchana badala ya jioni.

Uliza kwanza aliyeiweka alisoma saa ya namna gani. Mzee anataka taa ya geti iwake saa 12 jioni, anaandika 12:00, na taa inawaka jua likiwa utosini. Programu haihesabu saa kama sisi. Saa 12 jioni ni 18:00, saa 1 usiku ni 19:00, saa 11 alfajiri ni 05:00. Iandike karatasi uibandike karibu na swichi kama nyumba ina watu wengi wanaopanga ratiba.

Kama saa zimeandikwa sawa, angalia ukanda wa saa kwenye mipangilio ya "nyumba" ndani ya programu. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3. Rwanda, Burundi, na Kongo ya mashariki, Goma, Bukavu, Lubumbashi, ni UTC+2. Dalili moja inayosema yenyewe: taa uliyoipanga 19:00 inawaka 14:00. Tofauti ya saa tano ni saa za China. Kifaa hakijaambiwa kuwa kimehama.

Njia nzuri zaidi ni kuacha saa kabisa na kupanga kwa machweo. Programu nyingi zinajua jua linazama lini ukizipa mahali ulipo. Huku karibu na ikweta machweo hayahami sana, Dar es Salaam mwaka mzima tofauti haifiki saa moja, lakini dakika 40 za giza getini ni nyingi.

Taa zinavuma na kuchezacheza nikizipunguza mwanga.

Dima (swichi za kupunguza mwanga) nyingi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za uzi. Zina kiwango cha chini cha mzigo, mara nyingi wati 40 hivi, na wewe umefunga LED moja ya wati 7. Unahitaji vitu viwili vipatane: balbu iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa, na dima iliyotengenezwa kwa LED. Ukiwa na kimoja tu hujafika. Halafu weka kiwango cha chini kwenye programu kiwe asilimia 15 au 20. Chini ya hapo LED nyingi hupepesa hata zikifungwa sawasawa.

Balbu janja usiifunge kamwe kwenye dima ya ukutani. Yenyewe hujipunguza kwa ndani, na inataka umeme kamili.

Naweza kutumia swichi janja ya taa kuwashia maji moto?

Hapana, na hili limeunguza kuta. Hesabu yake ni fupi: gawa wati kwa volti. Tangi la maji moto la wati 3,000 kwa volti 240 linavuta ampea 12.5. Bomba la mvua la papo kwa papo la wati 5,500 linavuta karibu ampea 23. Nyuma ya swichi yako pameandikwa 10A, na hizo 10 ni kwa mzigo mtulivu.

Relei ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana. Umeme ukizidi, vinapoachana hutoa cheche, cheche inayeyusha ncha, na siku moja vinashikana moja kwa moja. Unasikia "tak" ya kuzima, programu inaonesha imezimwa, na maji yanaendelea kuchemka. Ukiifungua utaona plastiki imebadilika rangi ikawa ya kahawia upande wa tundu la L, na waya umekauka ngozi. Hakuna matengenezo hapo, tupa.

Tangi na pampu ya maji vinaongozwa kwa kontakta, swichi nzito inayoendeshwa na umeme: swichi janja inawasha koili ya kontakta, kontakta ndiyo inayobeba mzigo. Pampu iweke kwenye kundi hili hata kama wati zake ni chache, maana mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Bomba la mvua la papo kwa papo liache na swichi yake nzito.

Taa zenyewe huweza kugandisha relei zikiwa nyingi. LED nyingi zikiwashwa pamoja huvuta kishindo cha umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Taa kumi za uwanjani kwenye swichi moja, zigawe.

Sensa ya mwendo inawaka bila mtu, na mtu akipita haiwaki.

Sensa hizi haziangalii mtu, zinaangalia joto linalotembea. Mjusi akipita juu ya kioo chake ni joto kubwa lililo karibu. Pazia lililopigwa jua na kupeperushwa na feni, vilevile. Sisimizi wakijenga ndani, sensa inachanganyikiwa kabisa. Ifungue uisafishe, uzibe tundu la waya kwa silikoni.

Kutowaka kuna sababu yake. Sensa humwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, na vibaya mtu anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo ielekeze ubavuni mwa njia. Halafu kuna joto la pwani. Mombasa au Dar, alasiri ya Februari, ukuta wa baraza unakaribia joto la mwili, na sensa haioni tofauti. Jioni inapona. Kama baraza lako ni la namna hiyo, tumia sensa inayotuma mawimbi ya rada badala ya ile ya joto.

Pwani pia kuna chumvi. Miguu ya betri hushika kutu ya kijani na sensa inasema betri imeisha hata ukiweka betri mpya ya CR2032, ile ya mviringo kama sarafu. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kabla hujanunua betri ya tatu.

Ndugu yangu ameniletea vifaa kutoka Marekani. Vitafanya kazi huku?

Soma maandishi madogo. Pakiandikwa 100–240V na 50/60Hz, sawa. Pakiandikwa 120V peke yake, usijaribu hata kwa sekunde moja. Huku ni mara mbili ya hiyo. Balbu na swichi za ukutani za kule mara nyingi ni 120V tu, wakati chaja na habu (kile kisanduku cha kuunganishia taa) mara nyingi hukubali zote.

Redio nayo ina mpaka. Wi-Fi na Zigbee hutumia 2.4 GHz dunia nzima. Z-Wave, aina nyingine ya redio ya vifaa janja, haiko hivyo: ya Marekani iko 908.42 MHz, ya Ulaya 868.42 MHz, na hazisikilizani. Wapo pia wanaoletewa vifaa vya X10, teknolojia ya miaka ya 1970 iliyobuniwa Scotland, inayotuma amri kwa kupitia waya uleule wa umeme. Ilikuwa kazi ya akili kwa wakati wake, ila vile vya Marekani ni vya 120V, viache huko.

Taa za Zigbee za chumba cha mwisho hupotea mara kwa mara.

Kwenye Zigbee, vifaa vingi vyenye umeme wa ukutani hupokezana ujumbe. Mtu akizima balbu ya katikati ukutani, daraja limekatika na za mbele yake zimeachwa. Weka plagi janja moja korido, isiyozimwa na mtu.

Habu isikae juu ya ruta. Isogeze mita moja au mbili, na kama ni ya kuchomeka USB, tumia waya wa kurefusha. Ukiweza kuchagua chaneli, Wi-Fi ikiwa kwenye 1, 6 au 11, chaneli za Zigbee 15, 20 na 25 huwa na nafasi. Ukibadilisha, huenda ukalazimika kuviunganisha vifaa upya, kwa hiyo fanya mapema kabla havijawa vingi. Kuta za zege lenye nondo hula mawimbi kuliko tofali. Nyumba ya ghorofa iwe na kipokezi kila sakafu.

Zikiwa kwenye inverta, swichi za kugusa zinajibonyeza na dima inanguruma.

Inverta yako inatoa mawimbi ya ngazi, si laini. Vifaa vyenye saketi ya bei nafuu hupata joto na kuchanganyikiwa. Hakuna mpangilio wa kwenye programu utakaolitibu. Badilisha inverta iwe ya mawimbi laini, au toa dima kwenye mstari huo.

Alexa haielewi majina ya vyumba.

Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zake. "Baraza" itasikika kuwa kitu kingine kila siku. Ipe taa jina fupi la Kiingereza kwa ajili yake, na kwenye swichi andika upendavyo.

Taa zinawaka zenyewe saa nane usiku. Mama mkwe anasema ni majini.

Mheshimu mama mkwe, kisha fungua kumbukumbu ya matukio kwenye programu. Inaonesha nani au nini kimewasha, na saa ngapi. Wahusika wa kawaida: umeme uliorudi, ratiba ya zamani uliyoisahau, mtu uliyempa ruhusa zamani, mpangaji mwenzako wa kale au mpenzi wa zamani, ambaye bado anayo programu. Ondoa majina yote usiyoyatambua na ubadilishe neno la siri.

Kama kumbukumbu iko tupu na swichi ni ile ya rimoti ya 433 MHz, jirani ana rimoti inayofanana na yako. Futa rimoti zote kwenye swichi, uisajili yako upya.

Nahama nyumba ya kupanga. Niondoke na swichi?

Zako, ondoka nazo, ila zile za mwenye nyumba zilizotolewa zirudishwe mahali pake. Zitunze tangu siku ya kwanza kwenye mfuko wenye jina la chumba, pamoja na skrubu zake. Kabla ya kuchomoa, kifute kila kifaa ndani ya programu. Vingi hubaki vimefungwa kwenye akaunti ya kwanza, na ukimuuzia mtu kikiwa hivyo atakupigia simu mpaka umfungulie. Kama ulivutiwa nyutro, iache ndani ya boksi, ncha yake imefunikwa vizuri kwa konekta. Mpangaji ajaye atakushukuru bila kukujua, na fundi wake hatahitaji kupanda darini.